Muulizeni Mdogo Wangu

Kila mwaka walikwenda kliniki ya figo pamoja, dada na mdogo wake, na kila mwaka akapimwa mmoja tu. Mkubwa alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye mdomo mwepesi na miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Mdogo alikuwa msusi, na kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, watu wote walimwita Kitinda, hata alipoanza kuota mvi. Figo za Kitinda zilikufa zote mbili angali msichana. Aliyemtoa mdomoni mwa kaburi ni Dada. Alilala kitanda cha jirani, akatolewa figo ya kushoto, akapewa mdogo wake, na Dada huyo akarudi kwenye cherehani yake kabla kidonda hakijakauka vizuri.

Tangu hapo figo ile ilitunzwa kama mtoto wa pekee. Madaktari waliulizia hali yake, jamaa waliulizia, hata wateja waliokuja kusuka waliulizia. Kitinda akikohoa tu, Dada alisimamisha cherehani. Kliniki walipomwambia Dada kwamba mtu aliyetoa figo naye hupaswa kuangaliwa mara kwa mara, alipunga mkono kama anafukuza inzi. "Mimi buheri wa afya. Mpimeni huyu." Wauguzi walicheka, wakampima huyu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Ulikuwa upendo, ila upendo uliokosa akili, maana wote waliikodolea macho figo iliyotolewa na hakuna aliyekumbuka kuuliza ile nyingine inaendeleaje.

Aliyeuliza ni daktari mmoja mgeni, na aliuliza kwa sababu hakuwa na kazi. Kitinda alikuwa amekwenda kutoa damu chumba cha pili, mashine ya picha iko wazi, na Dada amekaa kwenye kiti anapiga soga. "Panda hapa na wewe, mama, tukutazame kidogo," daktari akamwambia. Dada akapanda, akilalamika kwamba yale mafuta wanayopaka ni baridi kama bomba la asubuhi. Daktari akapitisha kifaa chake ubavuni, akakirudisha nyuma, akakipitisha tena, akaacha kucheka.

Kitinda aliporudi na pamba mkononi alimkuta Dada bado amelala, na daktari amesogeza uso karibu kabisa na kioo. Hakuhitaji kuambiwa. Mtu aliyewahi kuugua sana anakifahamu kimya cha daktari.

Uvimbe wenyewe haukuwa mkubwa. Dada aliwaambia wateja wake kwamba ni kifungo tu, tena cha koti, wala si cha koti kubwa. Alisema hivyo akikata kitambaa, mkasi hautetereki, na wateja wakaondoka wamepata moyo. Kitinda, aliyekuwa akisuka chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo, alisikia kila neno kupitia pazia na vidole vikamkataa. Mteja wake akauliza kama kuna nini. Akasema hamna kitu.

Wakapelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji. Alikuwa mwembamba, hana majigambo, na hakutia chumvi wala sukari. Alikunja ngumi akaiweka mezani mbele yao. "Tuseme hii ndiyo figo yako. Uvimbe ungekuwa huku juu, kwenye vifundo vya vidole, ningelala usingizi. Lakini uko hapa." Akagusa mahali kidole gumba kinapoingia kiganjani. "Hapa ndipo mishipa ya damu inapoingilia na kutokea. Ni kadogo, lakini kamekaa mlangoni."

"Kana adabu mbaya," akasema Dada.

"Kana adabu mbaya sana." Daktari akatabasamu kidogo, kisha akaendelea. Mtu mwenye figo mbili, alisema, huweza kutolewa ile yenye uvimbe na maisha yakasonga. Yeye anayo moja. Kwa hiyo wataukata uvimbe peke yake, pamoja na ukingo mwembamba wa nyama nzima kuuzunguka, kisha watashona figo ibaki ikifanya kazi. Wataifanya kazi hiyo kwa roboti. Mikono yake myembamba itaingia tumboni kwa vitundu vidogo, na yeye daktari atakaa pembeni ya chumba, uso ndani ya kioo, akiiendesha kwa vidole na miguu. Mshipa unaoleta damu utabanwa kwa muda ili damu isimfurike, na ndani ya muda huo ni lazima akate na kushona amalize, kwa sababu figo ikikaa mno bila damu inaharibika.

Dada alikuwa amevaa miwani yake, ishara kwamba jambo limemwingia. "Kwa hiyo unakata na kushona papo hapo, na mteja kaivaa nguo."

"Ndivyo."

"Mimi nilishawahi kufanya hivyo kwa bibi harusi, gari linamsubiri nje. Sitaki kurudia." Akavua miwani. "Huyo roboti ana mikono mingapi?"

"Minne."

"Mimi ninayo miwili tu na bado wateja wananisimamia kichwani."

Daktari alicheka kwa kweli. Kitinda hakucheka. Maneno yalikuwa yamemkaa kooni tangu waingie, na sasa yakamtoka. "Mrudishieni hii." Alikuwa ameshika tumbo lake, upande wa chini, mahali ilipopandikizwa. "Ni yake. Mimi nimeshaishi nayo vya kutosha. Mrudishieni."

Daktari hakumkatisha. Akamweleza polepole kwamba haiwezekani, kwamba figo ile imeshazoea pale ilipo na imeshachoka, kwamba akitolewa atarudi yeye kwenye mashine ya kusafisha damu na huenda hata Dada isimsaidie. Na mtu aliyetoka kuugua saratani ya namna hii hapandikizwi figo nyingine upesi, hata angepatikana wa kutoa. Alisema yote hayo akimtazama usoni, na Kitinda akahisi anafungiwa milango mmoja mmoja.

"Umeivaa miaka yote hii," Dada akamwambia, "sasa unataka kunirudishia ikiwa imepauka? Kaa nayo."

Jioni ya kuamkia upasuaji Dada aliingia chumba cha kusukia, akavuta kigoda, akakaa katikati ya magoti ya mdogo wake. Alitaka mistari ya kulala, isiyomuumiza kisogo atakapolazwa chali. Nywele zilikuwa zimekuwa chache pale mbele, na Kitinda alizigawa kwa kitana kwa uangalifu, akipaka mafuta kwenye kila njia. Nje mtaa ulikuwa na kelele zake za kawaida, redio ya jirani na watoto wanaoitwa kuoga.

"Kitinda."

"Abee, Dada."

"Wakifungua wakakuta haiwezekani, nisikilize vizuri. Wasiitoe."

Kitinda aliendelea kusuka kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono.

"Waiache kama ilivyo, wanishone, nirudi nyumbani na hicho kifungo changu. Nitaishi nitakavyoishi. Lakini mashine ya kusafisha damu siitaki. Nilikaa pembeni yako kwenye kile chumba, wewe ulikuwa unasinzia, mimi nilikuwa macho. Nilimwona yule mwalimu aliyekuwa kitanda cha dirishani anavyokauka. Nilikuona wewe unalamba kitambaa chenye maji kwa kiu. Nikajiambia, Mungu akinipa nafasi ya kuchagua, hiki sichagui."

"Lakini mimi niliishi, Dada."

"Wewe uliishi kwa sababu nilikuwepo mimi." Alisema bila ukali, kama anayemkumbusha mtu bei. "Mimi nina nani?"

Kitinda alianza mstari mwingine. Machozi yalimshuka yakadondokea kisogoni kwa Dada, na Dada alijifanya hakuyasikia. Mwishowe akauliza, "Umenielewa?" na Kitinda akasema amemwelewa. "Niahidi basi, nisije nikalala pale roho iko juu." Akaahidi. Alitaka ahadi ile imridhishe Dada alale usingizi usiku ule. Kama alikusudia kuitimiza au la, hata baadaye alipojichunguza hakuweza kusema.

Asubuhi walikuwa wa kwanza kuitwa. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, Dada amelala kwenye kitanda cha magurudumu na kofia ya kijani imefunika mistari yake mipya, daktari alikuja kumsalimia. Alimkumbusha kwamba amekubali hatua yoyote itakayolazimu, na akamwuliza kama ana neno la mwisho kabla ya kupewa dawa ya usingizi.

"Ninalo," akasema Dada. "Mkikwama, muulizeni mdogo wangu. Nimeshamwambia ninachotaka. Atakalosema yeye, hesabu nimesema mimi."

Daktari akamtazama Kitinda, Kitinda akaitikia kwa kichwa. Muuguzi akamvua Dada miwani na kumkabidhi mdogo wake, mlango ukafungwa.

Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, hivi kwamba mtu wa mwisho akijitikisa wote wanatikisika. Kulikuwa na mzee aliyekuja na chupa ya chai, akamgawia Kitinda. Kulikuwa na mama aliyekuwa anaomba kwa sauti ya chini bila kupumzika. Kitinda alikaa na miwani ya Dada mapajani, akiwaza juu ya ile mikono minne. Alijaribu kuwaza mambo mazuri, akashindwa. Alichokiona ni mikono ikiwa imesimama, imenyoosha vidole vyake vya chuma ndani ya Dada, haijui ifanye nini. Aliogopa hivyo mpaka chai ikapoa mkononi.

Kisha mlango ukafunguka na daktari akatoka akiwa amevaa soksi.

Hakuwa na viatu. Baadaye muuguzi alimweleza kwamba madaktari wengi wa roboti huvua viatu ili nyayo zihisi vizuri kanyagio, na kwa kuwa hukaa mbali na mgonjwa, huweza kuinuka na kutoka huku wenzao wakimlinda mgonjwa mezani. Wakati ule hakujua. Aliona tu mtu mzima, bingwa, anakuja kwake juu ya sakafu baridi kwa soksi za bluu, moja imetoboka kwenye kidole, na akaelewa kwamba mambo yameharibika.

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Yuko salama, amelala. Hatujakata bado. Tumeiweka figo wazi, tukaipima kwa ndani kabla ya kubana mshipa. Kile kifungo kimeingiza mzizi kwenye mshipa unaotoa damu. Picha haikuuonyesha. Siwezi kukikata peke yake kikaisha. Nikijaribu, nitaacha ugonjwa ndani na huenda nikaipoteza figo vile vile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ninaweza kuitoa yote, pamoja na huo mzizi. Ugonjwa utakuwa umetoka, na ataishi kwa mashine ya kusafisha damu. Au ninaweza kumfunga kama alivyo. Akienda hivyo, tutampa dawa, na atakuwa na miezi, pengine mwaka na kitu. Siwezi kukuahidi zaidi." Alisubiri kidogo. "Sikuulizi unachotaka wewe, mama. Nakuuliza alichosema yeye. Alisema unajua."

Alijua. Alikijua neno kwa neno, na sauti iliyokisema bado ilikuwa mapajani mwake kama jioni ile, kichwa chenye joto katikati ya magoti. Angefungua tu mdomo na kuyarudia yale maneno. Lakini alipoyatafuta aliona nyumba. Aliona chumba cha mbele, cherehani imefunikwa shuka, wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, na yeye nyuma ya pazia anasuka, hana wa kumcheka. Aliona ndani ya mwili wake figo inafanya kazi usiku na mchana na mwenyewe yuko chini ya udongo. Akaogopa. Ilikuwa hofu yake mwenyewe, wala haikuwa na chembe ya Dada ndani yake.

"Alisema muitoe," akasema.

"Alisema hivyo?"

"Alisema, muitoe yote. Alisema anataka kuishi."

Daktari alimtazama. Pengine alihisi kitu, pengine alikuwa amechoka tu. Alimshika bega, akainuka, akarudi ndani kwa soksi zake, na mlango ukajifunga polepole. Yule mama aliyekuwa anaomba alinyamaza kidogo, akamtazama Kitinda kwa huruma, kisha akaendelea.

Kitinda hakulia. Alisimama mara moja ili akimbilie mlangoni, aseme amekosea, aseme neno la kweli. Viti vyote vikatikisika. Mzee mwenye chai akamwuliza kama anataka maji. Akasema hataki, akakaa tena, na kukaa kule ndiko kulikomaliza mambo. Alibaki ameketi na miwani, akijua kwamba kila dakika anayoendelea kukaa mikono ile inaendelea na kazi, na hakusimama tena.

Dada alizinduka mchana, kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha pembeni. Midomo ilikuwa imekauka. Mrija mwembamba ulitoka shingoni mwake, umebandikwa plasta, na Kitinda aliutambua mara moja kwa sababu na yeye aliwahi kuuvaa enzi zake za mashine. Aliomba Dada asiujue. Dada aliinua mkono, akaupapasa shingoni, akaugusa ule mrija, akauacha mkono pale.

"Imebaki?" akauliza.

"Pumzika kwanza, Dada."

"Kitinda. Imebaki?"

"Haikubaki."

Dada akafumba macho. Kitanda cha jirani kulikuwa na wageni wanaomenya matunda na kusimuliana habari za mtaani. Walicheka jambo fulani, wakajizuia.

"Daktari alitoka kukuuliza?"

"Alitoka."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia wasiitoe."

"Na wewe ukamwambiaje?"

Kitinda alikuwa amejiandalia maneno mengi pale ukumbini. Alikuwa amejiandalia habari za mashine za siku hizi kuwa si kama zile za zamani, na kwamba kliniki iko karibu, na kwamba atakaa naye kila mara. Yote yakayeyuka. "Nilimwambia umesema waitoe."

"Nimesema."

"Ndiyo, Dada."

"Kwa mdomo wangu."

"Ndiyo."

Dada hakupandisha sauti. Angepandisha, Kitinda angepata pa kushika, angeomba msamaha, angepiga magoti mbele ya wageni wale na matunda yao. Alitazama dari, na machozi yakamtoka pembeni ya macho yakaingia kwenye mistari ya nywele. Kitinda hakuwahi kumwona analia, hata walipomzika shemeji.

"Kwa nini?"

"Niliogopa kubaki peke yangu."

"Basi hukunifikiria mimi."

"Sikukufikiria wewe," akasema Kitinda. Lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyoyasema siku ile nzima, na halikumsaidia kitu.

Muuguzi alipita, akaangalia mrija, akaangalia mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia chini ya kitanda, mtupu. Akamwambia Dada kwa upole kwamba kesho watamshusha chumba cha mashine, na kwamba kuanzia sasa maji ni ya kupimiwa, ya kulowesha midomo tu, asije akajisahau. Dada akaitikia vizuri, kama mtoto shuleni. Muuguzi alipokwenda zake, aligeuza uso kwa mdogo wake.

"Umeshakunywa dawa zako?"

Kitinda hakuelewa. Kisha akakumbuka vidonge vyake, vile vinavyouzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, ambavyo hakuwahi kuviruka tangu apandikizwe. Asubuhi ile havikumpitia kabisa akilini.

"Bado."

"Kunywa."

"Nitakunywa nyumbani, Dada. Sasa hivi wewe ndiye—"

"Kunywa sasa hivi, nikuone. Hiyo uliyonayo tumboni ndiyo yangu pekee iliyobaki. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuchagua, na wewe huna. Kunywa."

Kitinda alifungua mkoba, akatoa vidonge. Maji hakuwa nayo. Juu ya kabati la kitanda palikuwa na chupa kubwa ya maji aliyoileta mwenyewe asubuhi, ya Dada, ambayo haijafunguliwa. Alitaka kwenda kuyatafuta maji mengine huko nje, lakini Dada aliinyooshea kidole.

"Hiyo hapo. Mwenyewe siruhusiwi. Wewe kliniki wanakwambia unywe mengi."

Akaifungua. Akameza kidonge cha kwanza, akameza cha pili, akataka kuirudisha. Dada akamwambia aendelee. Akaendelea kunywa, maji yanamshuka kidevuni, na Dada akamtazama akinywa, akilamba midomo yake mikavu, mpaka chupa ikaisha.